Kuhesabu Mapigo Bila Kuyatikisa

Siku ya Krismasi ya 1969, kampuni ya Seiko ilianza kuuza mjini Tokyo saa ya mkononi iliyoitwa Quartz Astron 35SQ. Bei yake ilikuwa yeni 450,000, na ilisifiwa kwamba haipotei zaidi ya sekunde 5 kwa mwezi. Ndani yake mlikuwa na kipande kidogo cha fuwele ya kwatsi kilichotetemeka mara 8,192 kila sekunde. Mshale wa sekunde hauhitaji kasi hiyo. Wenyewe unataka pigo moja tu kwa sekunde. Katikati ya fuwele na mshale ikawekwa sakiti yenye kazi moja: kugawa kwa mbili, na kugawa tena kwa mbili, mpaka itimie mara 13. Chukua 1 uizidishe kwa mbili mara 13, utapata 8,192 kamili.

Saa nyingi za kwatsi za leo hutumia masafa ya 32,768 kwa sekunde, yaani kugawa kwa mbili mara 15. Pigo likichelewa kidogo, mvaaji hana habari, na hana sababu ya kuwa nayo. Lakini zipo kazi ambazo pigo likiteleza kwa sehemu ya bilioni ya sekunde kipimo kizima kinaharibika. Hapo ndipo kugawa masafa, kazi inayoonekana nyepesi kuliko zote katika elektroniki, kunapogeuka kuwa ufundi mgumu. Na chombo kimojawapo kilichothibitika kuifanya vizuri ni chipu ya dola chache ambayo walioibuni hawakuwa na kazi hiyo akilini: chipu ya mantiki ambayo mnunuzi mwenyewe ndiye anayeipanga iwe sakiti ya aina gani.

Kwanza, kwa nini masafa yagawanywe? Tangu 1967 sekunde imefafanuliwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya siziamu. Vyombo vingi vya kawaida haviwezi kutumia masafa hayo moja kwa moja, kwa hiyo saa za atomu hutoa masafa ya kati, ambayo kwa desturi ya maabara ni megahezi 5 au 10. Osileta (vyombo vya kuzalisha mapigo) nzuri za kwatsi, zile zinazofungiwa ndani ya kijoko kidogo ili joto lisibadilike, nazo hutoa megahezi 10. Upande wa pili kuna setilaiti za GPS. Kipokezi cha GPS kilichotengenezwa kwa kazi ya muda hutoa pigo moja kila sekunde. Fundi anayetaka kujua kama osileta yake inakwenda mbele au nyuma ya GPS anashika mkononi vitu viwili visivyolingana: mapigo milioni 10 kwa sekunde huku, pigo moja kule. Hawezi kuvilinganisha mpaka ayagawe yale milioni 10 yawe moja.

Hilo si jambo la maabara peke yake. Mitandao ya simu ya 4G na 5G inayotumia masafa yaleyale kwa zamu, sasa kutuma, sasa kupokea, hudai minara yake isiachane kwa zaidi ya mikrosekunde 1.5 na saa ya rejea. Mmoja ukikosea zamu, unapiga kelele masikioni mwa jirani yake. Muziki wa dijitali nao unasimama juu ya kugawa. Sahani ya CD husomwa kwa sampuli 44,100 kila sekunde, na mashine nyingi hupata mwendo huo kutoka kwenye fuwele ya megahezi 22.5792, ambayo ukiigawa kwa 512 unapata 44,100 bila baki. Studio na video, zinazotumia 48,000, huanza na fuwele ya megahezi 24.576, nayo hugawika kwa 512 vilevile. Ndiyo maana ndani ya mashine bora za muziki mara nyingi hukutwa fuwele mbili badala ya moja. Megahezi 10 za maabara, kwa usafi wake wote, hazigawiki kwa 44,100. Jibu ni 226 na ushee, na ushee huo ukilazimishwa huzaa mtetereko mbaya kuliko kelele zozote za asili.

Sakiti ya kugawa kwa mbili ina umri wa zaidi ya karne. Waingereza wawili, William Eccles na Frank Jordan, waliomba hataza yake mwaka 1918 wakitumia valvu za kioo. Ina hali mbili, juu na chini, na kila pigo linapoingia hubadili hali. Mapigo mawili yakiingia, moja hutoka. Mafundi huiita flipuflopu. Ukiunganisha flipuflopu 24 kwa mnyororo unaweza kuhesabu mpaka 16,777,216, na hapo kugawa kwa milioni 10 ni suala la kuiambia kaunta irudi sifuri mapema.

Kuhesabu, basi, hakuna taabu. Taabu iko kwenye ukingo wa pigo, ile nukta ya wakati ambapo umeme unaruka kutoka chini kwenda juu.

Katika ngoma, mpiga upatu anayegonga mara moja kwa kila mapigo kumi ya mpiga ngoma anaweza kuhesabu bila kukosea hata mara moja na bado akaharibu mwendo, kwa sababu mkono wake mwenyewe unachelewa mara hii na kuwahi mara ile. Kigawanyi cha masafa kiko hivyohivyo. Osileta inaweza kuwa imegharimu maelfu ya dola na mapigo yake yametulia kabisa, lakini anayesikiliza upande wa kutoka hasikii osileta, anasikia upatu.

Wataalamu huita mtetereko huu kelele za fezi, na huupima kwa desibeli. Nadharia inaleta habari njema mwanzoni. Pigo la megahezi 10 huchukua nanosekunde 100. Likikosea kwa pikosekunde moja, yaani sehemu moja ya trilioni ya sekunde, kosa hilo ni sehemu moja ya laki moja ya mzunguko wake. Ukigawa masafa hayo kwa 10, kosa linabaki pikosekunde ileile, lakini mzunguko sasa ni mrefu mara 10, kwa hiyo kosa limekuwa dogo mara 10 kwa uwiano. Katika lugha ya desibeli, kugawa kwa 10 hushusha kelele za fezi kwa desibeli 20; kugawa kwa 2 hushusha 6. Kwa hesabu hiyo, kutoka megahezi 10 mpaka hezi 1 kelele zingeshuka kwa desibeli 140. Hakuna sakiti duniani inayofika huko. Kabla ya kufika, kelele za kigawanyi chenyewe zinakuwa zimeshazizidi za osileta.

Kuna pia hasara nyingine, ambayo kwa muda mrefu haikupewa uzito unaostahili. Kigawanyi cha kawaida cha kugawa kwa 10 hupokea mapigo 10 yenye kingo 20, za kupanda na kushuka, kisha hutumia kingo mbili tu kutengeneza pigo lake. Kumi na nane nyingine huzitupa. Kelele za kasi kubwa, zile ambazo zingejifuta zenyewe kama kingo zote zingehesabiwa, hukunjwa na kurundikana ndani ya masafa ya chini. Matokeo yake ni kwamba kelele za namna hii, zinazosambaa sawasawa kwenye masafa yote, hazishuki kwa desibeli 20 unapogawa kwa 10, bali kwa 10 tu. Mtaalamu wa Marekani William Egan aliandika mwaka 1990 makala iliyoweka msingi wa kuelewa kelele katika vigawanyi vya aina hii, na tangu hapo watu wengi wa vipimo wamerudi kwenye swali hilo.

Hizo kelele zinaingilia wapi hasa? Mlango wa kwanza ni ule wa kuingilia. Osileta nzuri hutoa wimbi laini linalopanda na kushuka, wala si pigo lenye ukingo wima. Chipu ya dijitali inataka ukingo. Inasubiri wimbi livuke kiwango fulani cha volti, kisha inaamua: sasa ni juu. Wimbi la megahezi 10 lenye kilele cha volti 1 hupita katikati kwa mwendo wa volti 63 hivi kwa mikrosekunde. Inaonekana haraka sana. Lakini piga hesabu: kelele za milivolti moja tu zikiwa zimekaa juu ya wimbi hilo husogeza wakati wa kuvuka kwa pikosekunde 16. Wimbi likiwa dogo au la polepole zaidi, hali inakuwa mbaya kwa kiasi hichohicho, na likiwa polepole kupita kiasi chipu hubabaika, ikaona juu, chini, juu, kwa ukingo mmoja. Kaunta ikidanganywa namna hiyo haitoi tena mtetereko. Inatoa hesabu ya uongo. Kwa hiyo fundi mzoefu haingizi wimbi laini moja kwa moja kwenye chipu. Analipitisha kwanza kwenye kikuza-ishara kilichochaguliwa kwa ajili hiyo, kinachonyoosha kingo zake bila kuongeza kelele nyingi.

Mlango wa pili ni umeme unaolisha chipu. Katika chipu nyingi za kawaida kiwango cha kuamua juu au chini kiko karibu na nusu ya volti za kulishia. Umeme ukiyumba kwa milivolti 10, kiwango kinahama kwa milivolti 5, na kwa wimbi letu lilelile hizo ni pikosekunde 80. Mdhibiti wa volti wa bei ya chini, au ule unaowasha na kuzima mara laki nyingi kwa sekunde kama ulio ndani ya chaja ya simu, unaweza kuwa ndio wenye kelele kubwa kuliko kitu kingine chochote kwenye bodi. Watu wameshinda wiki nzima wakitafuta kosa kwenye programu yao, kumbe dawa ilikuwa kapasita iliyowekwa karibu zaidi na mguu wa chipu.

Mlango wa tatu unahusu chipu inayopangwa moja kwa moja, na ndio wenye mambo mengi. Lakini kwanza chipu yenyewe.

Mpaka miaka ya 1970, aliyetaka sakiti ya mantiki alikusanya chipu ndogondogo za kawaida, kila moja na kazi yake, akazilehemu kwenye bodi. Mwaka 1978 kampuni ya Monolithic Memories ya Marekani ikaleta chipu iliyoitwa PAL, ambayo mteja aliweza kuichoma mwenyewe ili iwe sakiti anayoitaka. Altera ilianzishwa 1983, na mwaka uliofuata ikatoa EP300, iliyoweza kufutwa na kupangwa upya. Xilinx ilianzishwa 1984, na mwaka 1985 ikatoa XC2064 yenye vitalu 64 vya mantiki. Kutokana na mbegu hizo zikatokea jamii mbili. Moja ni ya chipu ndogo, CPLD, zenye flipuflopu makumi au mamia kadhaa, zinazohifadhi mpango wake zenyewe hata umeme ukikatika. Nyingine ni FPGA, kubwa zaidi, ambazo nyingi husomewa mpango wake upya kila zinapowashwa. Mpango huandikwa kwa lugha kama VHDL au Verilog, kisha huingizwa kwa waya kutoka kwenye kompyuta. Kigawanyi cha milioni 10 hakizidi mistari ishirini hivi ya maandishi.

Faida yake kwa kazi yetu inaonekana mara moja ukikumbuka mnyororo wa zamani. Katika mnyororo, flipuflopu ya kwanza huisukuma ya pili, ya pili huisukuma ya tatu, na kila moja huchukua nanosekunde kadhaa. Ya 24 hupata habari baada ya nanosekunde mia na zaidi, na kwa megahezi 10 wakati huo pigo jingine limeshaingia. Kila hatua huongeza mtetereko wake, na kila hatua hubadili ucheleweshaji wake joto la chumba linapobadilika. Ndani ya chipu inayopangwa, flipuflopu zote husikiliza waya mmoja wa mapigo uliochorwa na kiwanda ili ufike kila mahali kwa wakati karibu uleule. Kaunta yote hubadilika kwa pamoja. Na ukingo wa mwisho, ule unaotoka nje, hutokana na flipuflopu moja inayoendeshwa na mapigo ya asili yenyewe. Hesabu yote nyuma yake hutumika kuamua tu ni pigo lipi lipite. Iwapo kaunta ilikuwa na kelele humo ndani, kelele hizo zinakata tamaa mlangoni, kwa sababu wakati wa kutoka unapangwa na osileta, si na kaunta.

Angalau hivyo ndivyo ingekuwa kama flipuflopu zote zisingekuwa zinakula umeme kwenye sufuria moja, na huo ndio ule mlango wa tatu. Kila moja inapobadili hali hunyonya umeme kwa ghafla, na kama nyingi zikibadilika kwa pamoja, volti za ndani ya chipu huyumba na ethi yake huruka. Mchoro unasema flipuflopu ya mwisho imejitenga. Waya za shaba zinasema haijajitenga hata kidogo. Kiasi cha kuyumba hutegemea ni biti ngapi zimebadilika wakati huo. Kaunta ya kawaida inapotoka 7 kwenda 8 hubadili biti nne kwa mpigo mmoja. Inapotoka 8 kwenda 9 hubadili moja.

Chipu ikifanya kazi moja tu, kuyumba huku kuna madhara madogo kuliko mtu anavyotarajia. Pigo linalotoka kila sekunde hutoka kila mara wakati kaunta iko kwenye namba ileile, kwa hiyo kuyumba ni kulekule, na kunazaa ucheleweshaji usiobadilika. Ucheleweshaji usiobadilika unaweza kupimwa na kuondolewa kwenye hesabu. Hatari huanza pale fundi, akiona chipu bado ina nafasi tele, anapoongeza kigawanyi cha pili na cha tatu humohumo: kimoja kwa 7, kingine kwa 12, na taa ya kumeta ya kuonyesha kwamba mashine inafanya kazi. Sasa mifumo ya kubadilika inateleza moja juu ya nyingine, kuyumba kunakuwa na mdundo wake, na mdundo huo unajichora kwenye ishara safi kama miiba kwenye skrini ya kichambua-masafa. Nafasi iliyobaki ndani ya chipu ni kishawishi. Katika kazi ya kelele ndogo, iachwe wazi.

Waliobobea wana mbinu zao. Badala ya kaunta ya kawaida hutumia rejista ya kusukumana, ambamo biti moja tu hubadilika kwa kila pigo, ili unyonyaji wa umeme uwe sawasawa wakati wote. Miguu isiyotumika huifunga kwenye ethi ili kuipa chipu njia fupi zaidi ya kurudishia umeme. Hukataa kutumia kile kizidisha-masafa kinachokuja ndani ya FPGA nyingi, kwa sababu kina osileta yake ndogo ambayo haiwezi kushindana na fuwele iliyo nje. Na wanapotaka usafi wa juu kabisa, huweka nje ya chipu flipuflopu moja ya pekee, yenye mdhibiti wake wa volti, inayopokea jibu la chipu na kulitoa upya kwa mapigo ya osileta. Chipu inahesabu, flipuflopu ya nje inagonga. Mgawanyo huu wa kazi ni wa bei ndogo na unashinda kwa mbali ujanja wowote wa programu.

Ipo pia njia isiyotumia mantiki ya dijitali kabisa. Mwaka 1939 R. L. Miller alieleza sakiti inayochanganya ishara na sehemu yake yenyewe iliyorudishwa nyuma, mpaka itulie kwenye nusu ya masafa. Maabara za vipimo hutumia vigawanyi vya ukoo huo hadi leo kwa sababu kelele zake ni ndogo mno. Lakini huhitaji kurekebishwa kwa uangalifu, hufanya kazi kwenye masafa membamba tu, na hakuna anayeweza kugawa kwa milioni 10 kwa njia hiyo.

Hatua kubwa kwa chipu zinazopangwa ilitoka Ulaya. Mwaka 2013 Claudio Calosso wa taasisi ya vipimo ya INRIM, mjini Turin, Italia, na Enrico Rubiola wa taasisi ya FEMTO-ST, mjini Besançon, Ufaransa, walitoa kazi iliyolenga zile kingo 18 zinazotupwa. Kigawanyi cha kawaida walikiita kwa herufi ya Kigiriki Π, chao wakakiita Λ. Wazo ni hili: badala ya kutoa pigo moja lililogawanywa, toa nakala kadhaa za pigo hilohilo, kila moja ikiwa imechelewa kwa hatua moja kuliko iliyoitangulia, kisha zijumlishe zote kupitia rezista zilizo sawa. Nakala ya kwanza hubeba ukingo wa kwanza, ya pili wa pili, na kuendelea, hivyo hakuna ukingo wa osileta unaopotea bure. Kinachotoka si mraba tena bali ngazi inayopanda na kushuka kwa mfano wa pembetatu, na kichujio chepesi huigeuza kuwa wimbi laini. Kwa kuwa kelele hazikunjwi tena, zile zinazosambaa sawasawa nazo hushuka kwa desibeli 20 kila unapogawa kwa 10, kama nadharia ilivyoahidi tangu mwanzo.

Uzuri wa njia hii, na ni uzuri unaostahili kusemwa wazi, ni kwamba haihitaji kifaa chochote kipya. Kutengeneza nakala kumi zilizopishana kwa chipu za kizamani kungehitaji bodi iliyojaa, na kila chipu ingekuwa na joto lake na ucheleweshaji wake. Ndani ya CPLD ndogo ni rejista moja ya kusukumana na miguu kumi ya kutokea, yote kwenye kipande kimoja cha silikoni. Wingi wa miguu, ambao kwa mtu wa kigawanyi cha kawaida ni upotevu, hapa ndio mtaji wenyewe: kelele za kila mguu ni zake peke yake, na zikijumlishwa hupunguzana.

Watafiti haohao waliendelea kupima. Katika kazi waliyoitoa mwishoni mwa 2016 walikusanya vipimo vya chipu za dijitali za vizazi na ukubwa mbalimbali, wakaangalia zile kelele za polepole ambazo hukua kadiri unavyokaribia masafa ya osileta yenyewe. Walikuta tofauti ya kushangaza: kwa umbali wa hezi 1, kelele hizo zilikuwa kati ya desibeli 80 na 130 chini ya kipimo cha rejea. Desibeli 50 za tofauti ni mara laki moja kwa nguvu. Na sababu waliyoiona ilikwenda kinyume na yale ambayo matangazo ya biashara yametuzoesha. Kelele hizi huongezeka kadiri ujazo wa transista unavyopungua. Transista ndogo ina chembe chache za umeme za kuwastanisha, na kila hitilafu ndogo ya silikoni husikika zaidi.

Maana yake ni nzito kwa mnunuzi. FPGA ya Cyclone III imetengenezwa kwa kiwango cha nanomita 65, na jamii ya Zynq-7000 kwa nanomita 28. CPLD za mwishoni mwa miaka ya 1990, kama XC9500XL ya Xilinx, zina transista za nanomita 350. Kwa kompyuta, chipu hiyo ya zamani ni mzee asiyeweza kazi. Kwa kigawanyi cha kelele ndogo, huenda ikamshinda kwa mbali kijana wa bei mara hamsini.

Jinsi ya kujua kama kigawanyi ulichotengeneza ni safi ni swali lenye mtego, kwa kuwa hakuna mizani iliyo safi kuliko kitu chenyewe. Ufumbuzi wa kawaida ni kutengeneza viwili vinavyofanana, kuvilisha kutoka kwenye osileta moja, na kuvilinganisha. Kelele za osileta zinafika kwa vyote viwili kwa pamoja, hivyo hujifuta katika tofauti. Kinachobaki ni mtetereko wa vigawanyi peke yao, na kama vinafanana kweli, nusu ya nguvu yake ni ya kila kimoja. Kigumu ni kuhakikisha havilishwi umeme kutoka chanzo kimoja, la sivyo kelele za umeme nazo zitajifuta na fundi atajidanganya kwamba ametengeneza kitu bora.

Si wote wanaofanya kazi hii ni wa maabara kubwa. Mmarekani Tom Van Baak, anayekusanya saa za atomu kwa mapenzi yake, mwaka 2005 alipandisha saa tatu za siziamu kwa gari la familia kwenye Mlima Rainier, jimbo la Washington, akiwa na watoto wake. Waliporudi baada ya wikendi, saa hizo zilikuwa zimekwenda mbele ya zilizobaki nyumbani kwa takriban nanosekunde 22, kama Einstein alivyotabiri kwa saa iliyo juu mlimani. Kwa tofauti ndogo kiasi hicho, mtetereko wa nanosekunde chache kwenye pigo la sekunde hauvumiliki. Van Baak huyohuyo amesambaza muundo wa kigawanyi cha chipu ya miguu minane, maikrokontrola ndogo ambayo programu yake imehesabiwa amri kwa amri ili kila mzunguko uchukue mapigo yaleyale ya osileta. Ni jamaa wa karibu wa njia ya CPLD: humo pia programu inaamua pigo lipi, na osileta inaamua lini.

Wasiwasi wa sasa uko sokoni. Intel iliinunua Altera mwaka 2015 kwa dola bilioni 16.7, na AMD ikakamilisha kuinunua Xilinx mwaka 2022. Kampuni za ukubwa huo zinaelekeza nguvu zaidi kwenye chipu za akili bandia na vituo vya data, na mwanzoni mwa 2024 AMD ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza jamii kadhaa za zamani, XC9500XL ikiwemo. Wenye miundo iliyojengwa juu yake ilibidi waagize akiba au wachore bodi upya. Miongoni mwa zilizosalia ni ATF1502 na ATF1504 za Microchip, zilizotokana na Atmel, zinazokubali volti 5 na kukaa kwenye nafasi ileile ya chipu za zamani za Altera. Ya kwanza ina flipuflopu 32, ya pili 64. Kaunta ya biti 24 inaingia kwenye hiyo ndogo, na bado nafasi inabaki kwa flipuflopu ya kutolea pigo. Anayetaka Λ ya kugawa kwa 10 anaweza kuzipa nakala zake kumi miguu yake kumi humohumo, mradi asishawishike kuweka na kaunta ya pili pembeni.